Maji ya Ndiva na Umeme wa Nyumbani: Habari za Kutafuta Hitilafu ya Waya

Nchi ya Upare ina hali mbili za hewa. Mtu wa Usangi, juu mlimani, akiamka alfajiri mwezi wa Julai hujitanda blanketi. Nduguye aliyeko Kwakoa, chini uwandani, saa nane mchana mwezi wa Februari hutafuta kivuli asipate cha kumtosha. Kwa hiyo watu wa nchi hii tangu zamani walikuwa na haja mbili, joto kwa nyumba za juu na ubaridi kwa nyumba za chini, nao walizitimiza bila mashine. Juu waliezeka nyasi nene na kuwasha moto katikati ya mafiga. Chini waliweka mtungi wa udongo penye kivuli, nao ukatoa jasho na kuyapoza maji yaliyomo. Mtungi ukipata ufa, ufa huo huonekana kwa macho.

Siku hizi kazi hizo mbili zimeanza kukabidhiwa umeme. Iko hita ya kuchemsha maji ya kuoga, liko jiko la waya, iko feni, liko jokofu, na katika nyumba chache kiyoyozi. Lakini umeme hupita ndani ya ukuta na juu ya dari, na ukipatwa na ila hatuioni. Chombo hunyamaza, au hunguruma, au hutoa harufu ya kuungua, nasi twabaki kukipiga kofi kama punda aliyegoma. Katika mazungumzo haya twataka kueleza jinsi wanadamu walivyojifunza kuitafuta ila iliyofichika ndani ya waya, na kwa nini elimu hiyo haikupasa kuwa ngeni kwa Wapare.

Maana Wapare ni watu wa mifereji. Ndiva, kama ijulikanavyo na wengi, ni bwawa dogo lililozungushiwa ukuta wa udongo na mawe, nalo hukusanya maji ya kijito usiku kucha. Asubuhi tundu lake huzibuliwa, maji yakashuka kwa mfongo, yaani mfereji, hata mashambani, kila shamba kwa zamu yake. Ndiva ya Manoo iliyoko Bangalala, katika wilaya ya Same, ni mojawapo. Basi maji yasipofika shamba la mwisho, mwenye shamba hachimbi pale alipo ili kuyatafuta. Hupanda hata ndivani akatazama kama imejaa. Kisha hushuka na mfongo hatua kwa hatua, akiangalia ulipoziba, ulipobomoka, na mahali ambapo mtu ameyageuza maji kabla ya zamu yake. Akiona maji mengi hapa na machache pale mbele, amekwisha jua kwamba ila ipo kati ya mahali hapo pawili. Fundi wa umeme aliyefundishwa vema hufanya vivyo hivyo, wala hana siri nyingine kubwa kuliko hiyo.

Tuseme kwanza umeme ulivyofika kwetu. Katika Afrika ya Mashariki ulionekana mapema Unguja, katika jumba la Beit al-Ajaib lililojengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash. Katika bara ya Tanganyika Wajerumani waliweka mtambo Dar es Salaam mwaka 1908, kwa ajili ya karakana za reli na mitaa waliyokaa wenyewe. Mwaka 1931 kazi ya umeme ilitolewa kwa makampuni mawili, moja la Dar es Salaam na moja la mahali pengine, ambalo ndilo lililoitwa TANESCO. Katika miaka hiyo ya 1930 kampuni hilo lilitega maporomoko ya mto Pangani ili kuipa nguvu Tanga na mashamba ya mkonge. (Wenzetu wa Kenya hata leo huuita umeme “stima”, kwa kukumbuka mitambo ya mvuke, wangekuwa watu wa Pangani labda wangeuita maji.)

Mto Pangani ni mto wetu. Maji yake hutoka Kilimanjaro, Meru na katika milima ya Upare yenyewe, nayo hupita uwandani magharibi ya milima hiyo. Mtambo wa Hale ulianza kazi mwaka 1964, nao ulikuwa wa kilowati 21,000. Bwawa la Nyumba ya Mungu lilimalizika mwaka 1965, na mtambo wake wa kilowati 8,000 ukaanza mwaka 1968. Basi kwa miaka mingi nguvu iliyozaliwa katika maji ya Upare ilipita juu ya nguzo ndefu ikaenda mijini, na mwanafunzi wa kijijini akasoma kwa kibatari chini ya nyaya hizo. Hatupendi kulipita jambo hili bila kulitaja. Sheria ya nishati vijijini ilipitishwa mwaka 2005, na Wakala wa Nishati Vijijini, ambao watu huuita REA, ukaanza kazi mwaka 2007. Tangu hapo ndipo nguzo zilipoanza kuingia vijijini kwa wingi. Kwa sababu hiyo nyumba nyingi za uwandani zimepokea katika kizazi kimoja mambo ambayo nchi nyingine ziliyapokea katika vizazi vinne, na mazoea ya kuyatunza hayakupata nafasi ya kukua polepole.

Sasa turudi kwa wale waliojifunza kwanza. Mwaka 1820 mtaalamu wa Denmark, Hans Christian Oersted, aliona kwamba sindano ya dira hugeuka ikiwekwa karibu na waya upitao umeme. Ndipo ilipowezekana kuuona umeme bila kuugusa. Mwaka 1827 Georg Ohm, Mjerumani aliyekuwa mwalimu wa shule, alichapisha kanuni yake. Twaweza kuieleza kwa mfongo: kimo cha maji ndivani ndicho msukumo, ambao kwa umeme hupimwa kwa volti, wingi wa maji yapitayo ndio mkondo, ambao hupimwa kwa ampea, na wembamba wa mfereji na takataka zake ndio ukinzani, ambao hupimwa kwa kipimo chenye jina la mwalimu yule yule, omu. Ukijua viwili katika vitatu hivyo, cha tatu hupatikana kwa hesabu. Wakubwa wa wakati ule hawakumsifu. Sifa zilimjia amekwisha kuwa mtu mzima.

Gharama ya kuidharau hesabu hiyo ilionekana mwaka 1858. Mwezi wa Agosti waya wa simu ulitandikwa chini ya bahari toka Ireland hata Amerika, na salamu zikapita. Lakini waya ule ulikuwa na ila, na ujumbe ukawa dhaifu. Mtaalamu msimamizi, Wildman Whitehouse, aliyekuwa daktari kwa kazi yake, akaona dawa ni kuusukuma kwa nguvu zaidi, akatumia mitambo ya volti nyingi mno. Baada ya majuma matatu hivi waya ulikufa kabisa. Mwenzake William Thomson alikuwa ametengeneza chombo chenye kioo kidogo chepesi, kilichoweza kuonyesha mkondo hafifu sana; yeye alitaka kupima, wala si kulazimisha. Waya uliodumu ulipatikana mwaka 1866, na njia za Thomson ndizo zilizoshika. Waya wa bahari ulipofika Unguja toka Aden mwaka 1879, mafundi walikuwa na elimu ya kukadiria kwa hesabu, wakiwa wamekaa pwani, ni maili ngapi baharini ulipokatika.

Mtu atauliza, habari hizi za bahari zahusu nini jokofu la Kwakoa? Zahusu sana. Fyuzi ikikatika nyumbani, mara ngapi tumeona mtu akichukua kipande cha waya mnene, au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, akakitia mahali pa fyuzi? Huyo ni Whitehouse mwingine. Fyuzi ni waya mwembamba uliowekwa makusudi uyeyuke kabla waya wa ukutani haujapata moto. Edison aliipatia hati ya uvumbuzi mwaka 1890. Plagi yetu yenye pini tatu za mraba, ambayo ina fyuzi ndani yake, ilitoka Uingereza mwaka 1947, baada ya vita, shaba ilipokuwa haba na mafundi wakatafuta njia ya kuitumia kwa uchache. Fyuzi iliyokatika haijaharibika. Imefanya kazi yake, nayo yatoa habari kwamba mbele yake pana jambo. Anayeizima habari hiyo kwa waya mnene ameuhamisha moto toka ndani ya plagi akautia ndani ya dari.

Na moto huo hutoka wapi? James Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha pombe huko Uingereza, alionyesha mwaka 1841 kwamba joto la waya huongezeka kwa kadiri ya mkondo uliozidishwa kwa wenyewe. Tufanye hesabu, na wanafunzi watusahihishe. Hita ya wati 2,000 katika msukumo wa volti 230 huvuta ampea 8.7. Ikiwa katika soketi pana kiungo kilicholegea chenye ukinzani wa omu moja tu, zidisha 8.7 kwa 8.7: kiungo hicho pekee kitatoa joto la wati 76 hivi. Hilo ni joto la balbu ya zamani, ile iliyounguza vidole, nalo limefungiwa ndani ya kijumba cha plastiki. Shaba ikipata moto hufanya kutu nyeusi; kutu huongeza ukinzani; ukinzani huongeza joto. Ndiyo sababu soketi ya hita huwa ya kahawia pembeni muda mrefu kabla haijawaka. Taa ndogo katika soketi hiyo hiyo ingekaa miaka bila kuonyesha neno, maana mkondo wake ni mdogo. Vyombo vya kupasha joto na vya kupoza ndivyo vitoavyo aibu za waya zote, kwa kuwa vyenyewe huvuta mkondo mwingi kuliko vingine nyumbani. Basi chombo kikishtakiwa, aghalabu mkosaji ni kiungo.

Sasa tueleze mkasa mmoja ambao hutokea katika nyumba zilizo mwisho wa njia ndefu ya nguzo. Jioni, saa moja, kila nyumba imewasha taa. Mama wa nyumba asema hita haichemshi maji kama zamani. Baba asema jokofu limekufa: husikika “tak”, likanguruma kidogo, likanyamaza, kisha “tak” tena. Huitwa mtu ajuaye kidogo, naye aja na testa, yaani bisibisi yenye taa ndogo, aichomeka katika soketi, taa yawaka. Asema, “Umeme upo. Vyombo viwili vimeharibika.” Hita yanunuliwa mpya, na jokofu lafunguliwa na kutiwa gesi lisiyoihitaji.

Lakini testa haipimi msukumo. Yasema tu kwamba pana umeme. Fundi mwenye mita angeona kwamba saa moja jioni soketi ile ina volti 180 badala ya 230, na ifikapo usiku wa manane imerudi karibu na 230. Njia ndefu ina ukinzani wake, na watu wakivuta kwa pamoja, msukumo hupungua kabla ya kufika mwisho, sawasawa na shamba la mwisho la mfongo. Kwa volti 180 hita ya wati 2,000 hutoa wati 1,225 tu, haikuharibika, imepungukiwa. Jokofu nalo lina mota, na mota ikikosa msukumo wa kuianzisha hubaki imesimama, ikivuta mkondo mara kadhaa kuliko desturi na kupata moto, hata swichi yake ya ulinzi inapoikata kwa sauti ile ya “tak”. Dalili mbili, ugonjwa mmoja, wala haumo ndani ya nyumba. Dawa ni kulizima jokofu saa hizo, au kuliwekea kifaa cha kulilinda na umeme mdogo, na kupeleka habari kwa wenye njia ya umeme pamoja na vipimo vilivyoandikwa kwa saa. Malalamiko yenye tarakimu husikika upesi kuliko malalamiko matupu. Zahanati izingatie hayo kuliko nyumba nyingine yoyote, maana chanjo nyingi hutaka ubaridi wa kati ya digrii 2 na 8, na jokofu lililonyamaza jioni haliwangojei wakubwa.

Upo ugonjwa wa pili ufananao na huo, nao ni wa hatari zaidi. Waya wa kurudisha umeme, ambao mafundi huuita nyutro, ukikatika nje nguzoni, nyumba zilizogawanywa katika waya tatu za moto hubaki zikivutana, maana kati ya waya moto mmoja na mwingine pana volti 400. Nyumba moja taa zake hufifia. Ya jirani zang’aa kupita kiasi na vyombo vyake huungua. Ukiona kwamba hita ikiwashwa kwako taa za jirani zang’aa, zima meni swichi mara moja, mwambie naye azime, kisha mpige simu. Ikiwa nyutro imekatika ndani ya nyumba moja, testa huweza kuwaka katika matundu yote mawili ya soketi na hakuna chombo kifanyacho kazi. Wengi husema ni uchawi.

Feni haina mambo mengi. Ikinguruma bila kuzunguka, nawe ukiisukuma kidogo kwa kijiti ikaenda, aghalabu kapasita yake ndiyo iliyochoka, nayo ni kitu cha bei ndogo. Kiyoyozi kina historia ya kuchekesha: Willis Carrier alikibuni mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha kupiga chapa huko Brooklyn, ili karatasi zisinyonye unyevu, starehe ya watu ilifikiriwa baadaye.

Jambo kubwa zaidi ni rangi za waya, na hapa historia yaweza kuua. Zamani, kwa desturi ya Kiingereza tuliyoirithi, waya wa moto ulikuwa mwekundu, nyutro nyeusi, na waya wa ardhi kijani. Katika njia ya waya tatu za moto, rangi zilikuwa nyekundu, njano na buluu. Baadaye nchi za Ulaya zilipatana juu ya rangi nyingine, nayo Uingereza ikazifuata kwa nyaya za ukutani kati ya mwaka 2004 na 2006: waya wa moto kahawia, nyutro buluu, ardhi kijani chenye mstari wa njano, na katika waya tatu za moto, kahawia, nyeusi na kijivu. Tazameni jambo lililotokea. Nyeusi, iliyokuwa nyutro, sasa yaweza kuwa moto. Buluu, iliyokuwa moto katika njia ya waya tatu, sasa ni nyutro. Katika nyumba iliyojengwa zamani na kuongezwa vyumba juzi, rangi za sheria zote mbili huweza kukutana ndani ya sanduku moja. Fundi aliyefundishwa na mzee wa zamani na kijana aliyetoka chuoni wakilifungua sanduku hilo, kila mmoja ataisoma lugha yake, na mmoja wao atakuwa amekosea. Kwa hiyo rangi isiaminiwe hata mita ithibitishe. Kufungua sanduku lenyewe ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA; mwenye nyumba na amwulize leseni bila haya, kama amwulizavyo dereva.

Tumaliziea na waya wa ardhi, ambao watu huudharau kwa kuwa ukikatika hakuna chombo kinachozimika. Kazi yake ni kuupokea umeme uliotoroka ukaingia katika mwili wa chombo, bati la jokofu au tangi la hita, na kuupeleka udongoni badala ya kupita katika mwili wa mtu. Katika miaka ya 1950, huko Afrika Kusini, wanawake kadhaa wa kijiji cha mgodi wa dhahabu wa Stilfontein waliuawa na vyombo vya umeme vya nyumbani. Wakati huo Henri Rubin alikuwa ametengeneza, kwa ajili ya migodi, kifaa kipimacho umeme uendao na urudio. Vikitofautiana kidogo tu, maana yake pana uvujaji, nacho hukata kwa dakika ndogo isiyohesabika. Kampuni ya mgodi ikavitia vifaa hivyo katika nyumba mamia za kijiji kile. Vifaa vya namna hiyo vitumikavyo majumbani siku hizi hukata uvujaji ukifika sehemu 30 katika elfu za ampea. Kikikata kila mara hita inapowashwa, kisifungwe wala kisirukwe; hita ndiyo ivujayo, na mara nyingi ganda la waya wake wa ndani limetoboka kwa chumvi ya maji.

Nyumba isiyo na kifaa hicho haina ila ile fimbo ya shaba iliyochomekwa ardhini nje ya ukuta, na fimbo hiyo yategemea unyevu wa udongo. Mlimani, penye migomba na mifereji, udongo huwa na maji karibu mwaka mzima. Uwandani, kama Kwakoa, udongo ukikauka hushika umeme kama mtu mwenye ngumi, haupitishi. Fimbo iliyopimwa na kukubaliwa mwezi wa Aprili, wakati wa masika, huenda isifae kitu mwezi wa Septemba. Mafundi wa zamani waliizungushia mkaa na chumvi, wakaagiza imwagiwe maji. Afadhali fimbo ndefu ifikayo udongo wa chini wenye unyevu, au fimbo mbili zilizoachana na kuunganishwa. Na kipimo chake kichukuliwe Septemba, ardhi ikiwa imepasuka.